Kumuachia kijana zamu yake: somo la warushaji wa Atlanta

Maneno haya yalisemwa mbele ya mkutano mkuu wa chama. Tumeyaandika kama yalivyosemwa, tumepunguza tu salamu ndefu na maneno yaliyorudiwa.



Komite imeniomba niseme juu ya vijana na kazi. Sababu munaijua. Mwaka jana tuliwapa vijana wanne kazi za chama: mashini ya kusaga, mbegu, mitumbwi, na daftari la mikopo. Msimu umekwisha, hesabu haikutoka vizuri, na sasa kuko wanaosema: "Mubatoshe bale batoto, murudishe bakubwa." Mkutano ujao tutapiga kura. Leo sitawaambia mupige kura namna gani. Nitawaelezea watu wengine waliopata shida ya namna hii. Wamoja waliikamata vizuri, wengine waliikamata vibaya, na matokeo yao yameandikwa, yanaonekana. Ni watu wa Marekani, na kazi yao ni mchezo unaoitwa besiboli.

Naona wengine mumeanza kucheka. Ni kweli, mchezo huo hapa kwetu hatuuchezi. Lakini ndugu zetu wengi walipelekwa Clarkston, mji mdogo karibu na Atlanta, jimbo la Georgia, na mimi nilikaa kule pamoja nao. Kule, ukienda kazini, ukienda kunyoa, watu wanaongea besiboli kama sisi tunavyoongea mupira. Na wazee wa kule hawachoki kusimulia namna timu yao, Atlanta Braves, ilivyotoka nyuma ya wote ikafika mbele, ikiwa mikononi mwa vijana waliokuwa wakishindwa kila wiki.

Mchezo wenyewe

Kwanza muelewe kidogo. Katika besiboli kuko mtu mmoja anayesimama juu ya kilima kidogo katikati ya uwanja. Ndiye mrushaji. Mbele yake, mita 18 na nusu hivi, kuko mpigaji wa timu nyingine ameshika rungu. Mrushaji anarusha mpira mdogo, mgumu, kwa nguvu zote, na mpigaji anajaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbia, na timu yake inatafuta pointi. Mechi ina raundi 9. Mrushaji akiwa mbaya siku ile, timu nzima inateseka. Ndiyo maana wanasema mechi iko mkononi mwa mrushaji.

Sasa, ligi kubwa ya kule inacheza mechi 162 kwa miezi sita hivi. Ni karibu kila siku. Na mkono wa mtu hauwezi kurusha kwa nguvu ile kila siku, utaharibika. Kwa hiyo kila timu iko na warushaji wa kuanza kama watano, wanapokezana. Leo wewe, kesho mwingine, mpaka zamu inarudi kwako. Sisi wa likelemba tunaelewa haraka: kila mmoja ana siku yake, na wote wanajua siku ile ni ya nani. Mtu akikosa siku yake, mzunguko wote unayumba.

Na jambo lingine la muhimu. Mechi ikiisha, wanaandika jina la mrushaji aliyeshinda na la mrushaji aliyeshindwa. Wenzake wakiangusha mipira, wakikosa kufunga pointi, yeye ndiye anaandikiwa kupoteza. Tena wako na hesabu nyingine: ni pointi ngapi mrushaji anaziruhusu kwa kila raundi 9, na pointi zinazotokana na makosa ya wenzake hazihesabiwi ndani. Mrushaji mzuri anaruhusu 3 hivi. Akifika 5, watu wanaanza kunung'unika. Mukumbuke hesabu hizo mbili, tutazirudia.

Msimu wa 1988

Mwaka 1988 Atlanta ilishinda mechi 54, ikapoteza 106. Ilikuwa ya mwisho katika kundi lake. Mwaka 1989 ikawa ya mwisho tena. Mwaka 1990 pia, ikapoteza 97. Watu wakaacha kwenda uwanjani. Mwaka huo wa 1990 waliolipa tiketi msimu mzima hawakufika milioni moja, na kwa mechi zaidi ya 80 za nyumbani, ule ni uwanja mtupu.

Na juu ya kilima walikuwa wamesimamisha nani? Watoto. Tom Glavine alikuwa na miaka 22 mwaka 1988. Alishinda mara 7, akapoteza mara 17. Katika ligi yao hakuna aliyepoteza kumuzidi. John Smoltz alifika mwaka huo huo akiwa na miaka 21: alishinda 2, akapoteza 7, akaruhusu zaidi ya pointi 5 kwa mechi. Pete Smith, miaka 22, alishinda 7, akapoteza 15. Na mwaka 1990 wakamleta Steve Avery, miaka 20 tu. Alishinda 3, akapoteza 11.

Fikirini munakaa pale kwenye viti, mumelipa tiketi yenu, munaona kijana anapigwa, siku tano baadaye anarudi yeye yule, anapigwa tena. Mungesema nini? Mungesema kama wanavyosema wengine hapa: watoe, walete watu wazima.

Na njia ile ilikuwa wazi. Smoltz mwenyewe alifika Atlanta kwa sababu timu nyingine ilichagua watu wazima. Mwaka 1987 Detroit ilitaka kushinda palepale. Ikachukua kutoka Atlanta mrushaji wa miaka 36, Doyle Alexander, ikatoa kijana Smoltz. Na Detroit haikujidanganya: Alexander alishinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Detroit ikawa ya kwanza katika kundi lake. Ile ni faida ya kweli, nisiwafiche. Lakini mwaka 1989 mzee yule alipoteza mechi 18, akaacha mchezo. Smoltz aliendelea kurushia Atlanta miaka 20 karibu. Mtu mzima anakupa mavuno ya mwaka huu. Kama chakula kimekwisha nyumbani, pengine ndiyo unachohitaji. Lakini ujue ni kitu gani umetoa.

Kilichotokea baadaye

Mwaka 1991 timu ile ile iliyokuwa ya mwisho ilishinda mechi 94, ikawa ya kwanza katika kundi lake, mechi moja tu mbele ya Los Angeles. Glavine, yule wa kupoteza 17, alishinda 20, akapewa tuzo ya Cy Young, ndiyo tuzo ya mrushaji bora wa ligi. Avery alishinda 18. Katika mashindano ya kutafuta bingwa wa ligi walikutana na Pittsburgh, na Avery akarusha raundi 16 na zaidi bila kuruhusu hata pointi moja. Alikuwa na miaka 21. Wakafika fainali. Wakashindwa na Minnesota katika mechi ya saba na ya mwisho, 1 kwa 0, baada ya raundi ya kumi. Uwanja ukajaa: mwaka huo watu zaidi ya milioni mbili.

Mwaka 1995 wakachukua ubingwa wote. Mechi ya mwisho walishinda 1 kwa 0 juu ya Cleveland, na aliyesimama kwenye kilima raundi 8 ni Glavine, akawaruhusu wapinzani kuupiga mpira vizuri mara moja tu. Leo Glavine na Smoltz wote wawili wako katika nyumba ya heshima ya mchezo ule.

Hadithi kama hii mtu anaweza kuisimulia vibaya. Anaweza kusema: "Munaona? Walisubiri, basi vijana wakaiva wenyewe kama ndizi." Hapana. Ndizi hata haiivi vizuri kama hukuifunika. Tuangalie kazi iliyofanyika kati ya 1988 na 1991.

Kazi ya kulea

Jambo la kwanza: zamu haikukatwa. Glavine alipoteza 17 kwa sababu alirudishwa juu ya kilima kila siku yake ilipofika, mara 34 msimu ule. Mtu hawezi kupoteza 17 kama humpi nafasi. Na zamu ile ndiyo ilimpa muda wa kujifunza. Mwanzoni mwa 1989, katika mazoezi, aliokota mpira uwanjani, akaona vidole vyake vimeushika namna nyingine, akajaribu kuurusha vile. Mpira ukatoka pole pole, huku mkono unaenda kasi ile ile. Mpigaji anadanganyika: anaona mkono wa haraka, mpira haufiki. Urushaji ule ndio ulimfanya Glavine kuwa Glavine. Mwaka ule 1989 alishinda 14. Kama wangemrudisha ligi za chini baada ya 1988 na kumwambia umeshindwa, pengine angeuokota mpira ule na kuurudisha kwenye kikapu bila kujaribu chochote.

Jambo la pili: kazi katikati ya zamu. Mwezi wa sita 1990 Bobby Cox alikuwa kocha mkuu. Mbele yake alikuwa mkubwa wa ofisi ya timu ile ile, yeye ndiye aliyeleta Smoltz na Avery, sasa akashuka kuwasimamia kwa macho yake. Akaja na mwalimu wa warushaji anaitwa Leo Mazzone, mtu aliyekuwa amefundisha miaka mingi katika ligi za chini. Desturi ya timu nyingi ilikuwa hivi: mrushaji akimaliza mechi, anapumzika, anafanya zoezi moja la kurusha, halafu anangoja siku yake. Mazzone akasema hapana, mutarusha mara mbili katikati ya zamu, lakini pole pole, si kwa nguvu. Lengo si kuchosha mkono. Lengo ni mkono usisahau. Na alipenda kuwarudishia jambo moja lile lile: mpira uende chini, pembeni, mbali na mpigaji.

Hapo muangalie vizuri. Kijana alipopoteza, hakungoja siku tano nyumbani akiwaza aibu yake. Baada ya siku mbili alikuwa na mwalimu pembeni, anarusha, anasahihishwa kitu kimoja. Si vitu kumi.

Jambo la tatu: walitengeneza kilicho nyuma ya mrushaji. Mwisho wa 1990 alikuja mkubwa mpya wa ofisi, John Schuerholz. Yeye hakuanza kwa kubadilisha vijana wa kurusha. Alitafuta watu wa kudaka mpira nyuma yao: Terry Pendleton, Sid Bream, Rafael Belliard, wote watu wazima wenye mikono ya kuaminika. Hata uwanja wenyewe, uliokuwa na sifa mbaya, ukatengenezwa, kwa sababu mpira ukigonga shimo unaruka vibaya na mrushaji ndiye anaandikiwa aibu. Pendleton mwaka ule alikuwa mchezaji bora wa ligi nzima. Sasa kijana akirusha chini, mpira ukapigwa chini, kuko mtu wa kuudaka. Mafundisho ya Mazzone yakaanza kuzaa.

Mumkumbuke Pete Smith wa 1988. Alipoteza 15. Lakini pointi alizoruhusu zilikuwa chini ya 4 kwa mechi. Ile si hesabu ya mtu mbaya. Ni hesabu ya mtu ambaye timu yake haifungi. Anayesoma safu ya kwanza tu ya daftari angesema afukuzwe. Anayesoma safu ya pili angeuliza: wenzake walikuwa wapi?

Jambo la nne: waliweka mkubwa mmoja ndani ya zamu. Charlie Leibrandt alikuwa na miaka 34 mwaka 1991. Alikuwa amerusha miaka mingi, amekwisha kuwa bingwa na Kansas City mwaka 1985. Hakuwekwa juu ya vijana kuwaamuru. Alipewa zamu yake kama wao, akashinda 15, akapoteza 13. Faida yake ni mbili. Siku yake ikifika, vijana wanapumua. Na wanamuona kwa macho: mtu mzima naye anapoteza 13, kesho yake anakuja kazini.

Jambo la tano linahusu kichwa. Nusu ya kwanza ya msimu wa 1991, Smoltz alikuwa ameshinda 2, amepoteza 11. Timu inaanza kupanda na yeye anaivuta chini. Mkono wake ulikuwa mzima, mpira wake ulikuwa wa kasi. Kitu kilichoharibika ni namna alivyofikiri: akikosea mara moja, alikuwa anaona mechi nzima imekwenda. Cox hakumtoa kwenye zamu. Timu ilimkutanisha na mtaalamu wa saikolojia ya michezo, Jack Llewellyn, na mtaalamu yule akamtengenezea video fupi ya mirusho yake mizuri, aitazame. Kijana aliyekuwa anakumbuka makosa tu alionyeshwa kwamba kazi anaijua. Nusu ya pili alishinda 12, akapoteza 2. Siku Atlanta ilipohakikisha nafasi ya kwanza, aliyerusha ni Smoltz. Mechi ya saba na Pittsburgh, Smoltz, na hakuruhusu pointi. Mechi ile ya saba ya fainali na Minnesota, Smoltz tena, akarusha raundi 7 na zaidi bila pointi.

Na kuhusu Cox niongeze neno moja. Alikuwa anajulikana kwamba hawasemi vibaya wachezaji wake mbele ya watu. Kijana akikosea, anaongea naye ndani. Lakini mwamuzi akimuonea kijana, Cox anatoka mbio kugombana, mpaka yeye mwenyewe anafukuzwa uwanjani. Katika maisha yake alifukuzwa zaidi ya mara 150. Hakuna kocha aliyefukuzwa kumuzidi. Sisemi komite yetu ianze kufukuzwa kwenye mikutano. Nasema vijana walijua: huyu mkubwa hatatuuza kwa watu.

Subira haiko sawa na kuongeza mzigo

Sasa upande mwingine, juu nisiwadanganye.

New York, timu ya Mets, nao walipata vijana watatu katikati ya miaka ya 90: Jason Isringhausen, Bill Pulsipher na Paul Wilson. Magazeti yakawapa jina kubwa kabla hawajafanya kazi kubwa. Watu wakasema hawa ndio Atlanta mpya. Mwaka 1996 Pulsipher hakurusha hata mechi moja, kiwiko kilipasuliwa. Isringhausen alishinda 6, akapoteza 14. Wilson alishinda 5, akapoteza 12. Timu ikapoteza 91, kocha akafukuzwa kabla ya msimu kuisha. Wote watatu walipita mikononi mwa wapasuaji. Kupanga zamu moja wote watatu, haikutokea hata siku moja.

Ukitazama tu hesabu ya kushinda na kupoteza, Isringhausen wa 1996 na Glavine wa 1988 wanafanana. Tofauti iko mwilini. Glavine alikuwa anapoteza mkono ukiwa mzima. Wale wa New York walikuwa wanaumia. Kumwacha anayejifunza aendelee ni busara. Kumwacha anayeumia aendelee ni kumuharibu, hata kama tunaita ile imani. Kwa hiyo mkubwa wa vijana ana kazi ya kuuliza kila wiki: huyu anashindwa kwa sababu bado hajajua, ao kwa sababu anaumia?

Na mwenye kuumia mara nyingi hasemi. Kijana anaogopa kwamba akisema bega linauma, zamu itaenda kwa mwingine na haitarudi. Ndiyo maana siku hizi kule wanahesabu kila mpira anaorusha. Akikaribia 100, mara nyingi wanamtoa, hata kama anashinda, hata kama anakataa. Hawamwachii yeye peke yake kusema amechoka. Wameweka hesabu iseme kwa niaba yake.

Hata Atlanta hawakuwaokoa wote. Steve Avery, yule wa miaka 21 aliyewafunga Pittsburgh, alirusha zaidi ya raundi 200 mwaka 1991, tena 1992, tena 1993. Mwaka 1993 alishinda 18, akapoteza 6 tu. Mwisho wa msimu ule akaumia chini ya kwapa. Alikuwa na miaka 23. Baada ya pale hakurudi kuwa yule: mwaka 1995 alishinda 7, akapoteza 13. Siwezi kusema kwa hakika kilichomuumiza ni mzigo. Nasema tu kwamba yeye ndiye aliyeanza mapema kuliko wote, na ndiye aliyezimika mapema. Anayefanya vizuri naye analindwa. Tuko na tabia moja: kijana akiweza kazi moja, tunamuongezea ya pili na ya tatu, mpaka siku anaanguka, halafu tunashangaa.

Na Pete Smith? Mwaka 1989 alipoteza 14. Mwaka 1990 bega likamsumbua, akatoka kwenye zamu. Mwaka 1992 alirudi akashinda 7 bila kupoteza, lakini hakuwa nguzo ya timu kama wenzake. Hakutukanwa, hakutupwa, zamu yake ilipunguzwa. Kulea vijana wanne hakumaanishi wote wanne watafika mahali pamoja. Atlanta ilijua hivyo, ndiyo maana haikuweka tumaini lake lote juu ya mtu mmoja.

Maswali ya kupeleka kwenye kura

Sasa nirudi kwetu. Ndugu, hatuko timu ya Marekani. Wao wakipoteza msimu, wako na pesa ya msimu mwingine. Sisi tukipoteza msimu, kuko nyumba ambayo watoto hawaendi masomo. Najua. Mama mmoja aliniambia jana: "Subira ya tajiri na subira ya masikini si moja." Ana haki. Ndiyo maana siwaambii musubiri bure. Nawaomba, mbele ya kupiga kura, muulize maswali haya juu ya kila kijana, mmoja mmoja. Musiwapime wote wanne kwa mizani moja.

Je, hasara iliyoandikwa jina lake ilitoka kwake? Kijana wa mashini: mazutu ilipanda bei, na kipuri kilikaa njiani wiki nyingi. Ile ni hesabu ya Pete Smith. Lakini kama pesa imekosekana kwenye daftari na hakuna maelezo, ile siyo kupoteza mechi. Ile ni jambo lingine, na lina njia yake katika kanuni za chama. Mtu asitumie hotuba yangu kumficha mwizi.

Je, mwezi wa mwisho alifanya vizuri kuliko mwezi wa kwanza? Muombe daftari, muangalie. 

Je, katikati ya zamu alikuwa na nani? Sisi tuliwapa kazi mwezi wa tisa, tukawaita kutoa hesabu mwezi wa sita. Katikati, nani alikwenda kukaa nao, kuwaonyesha kitu kimoja cha kusahihisha? Kama hakuna aliyekwenda, hatujawalea bado. Tumewaangalia tu. Napendekeza kila kijana awe na mkubwa mmoja wa kumtembelea mara mbili kwa mwezi, mkubwa anayejua kazi ile, na ambaye hatamsema vibaya sokoni.

Je, anaumia? Yule wa daftari la mikopo anafuatilia wadeni, wengine wao ni wajomba zake na wakubwa zake. Ule ni mzigo mzito kwa kijana wa miaka 22. Pengine hahitaji kutolewa, anahitaji mtu mzima wa kutembea naye kwenda kudai.

Na kwa ninyi wageni munaotusaidia: munapenda ripoti, na muko na haki. Tunawaomba msome safu zote mbili za daftari. Ripoti ya mwaka mmoja ya Atlanta 1988 ingefunga timu ile. Mukitaka kusaidia vijana wetu, pengine kuongeza vijana wengine haitasaidia sana. Musaidie kutengeneza kilicho nyuma yao: barabara ya kufika mashini, kipuri cha akiba, ghala lisilovuja. Ndiyo kazi aliyofanya Schuerholz, na ndiyo iliyofanya vijana waonekane wanajua.

Nimemaliza. Vijana wanne wako hapa, wamekaa nyuma kule, wamesikia yote. Nawaomba wakubwa mukitoka, mupite mahali walipo, muwasalimie kwa majina yao. Kura tutapiga mkutano ujao, na kabla ya pale daftari liko wazi kwa katibu, kila siku ya kazi, kwa kila mwanachama anayetaka kulisoma.